Nawapenda wanawake wenye biashara zao, ila nikiwaangalia najikuta naiga. Nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Nina miaka 27, nashona mikoba ya kitenge nyumbani, cherehani ninayo moja, huu mwaka wa pili nauza. Kila nikishika simu nafuatilia wanawake wenye biashara za ubunifu, wa vikapu, wa sabuni, wa nguo, wananipa moyo sana ila nikimaliza kuangalia najiona mi sifanyi kitu. Mwezi uliopita nilishona mkoba kama wa dada mmoja wa Dar, ule wa chini duara wenye mikono ya ukili, yaani utepe wa majani ya kusuka, nikaposti, mtu akaja kwenye komenti akaandika 'huu ni wa fulani, mwizi wewe'. Nikafuta, na kwa aibu mpaka leo sijaposti tena. Mi nauza 15,000 na mzigo nampelekea mteja bure, yeye anauza 45,000 na oda zinamzidi. Nipateje hamasa kwao bila kuiba? Au niache tu kuwaangalia?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili tatu, mana hili nimekutana nalo kwa wengi kwenye mafunzo ila wachache wana ujasiri wa kulisema kama ulivyolisema wewe. Nafundisha kinamama wa batiki, ususi na ushonaji miaka mingi sasa, na mimi mwenyewe nimeanzia kwenye ndoo ya rangi, kwahiyo nakujibu kama mtu wa kazi hiyohiyo.

Tumalize kwanza hilo la aibu ili likae pembeni. Mwandikie yule dada inboksi, leo, maneno machache tu: dada samahani, nilishona mkoba wako bila kukuuliza, nimeutoa na sitaushona tena, kazi yako naipenda. Kama ulishauza miwili mitatu mwambie, usimfiche. Usijieleze sana, usimwambie habari za maisha magumu, na wala usisubiri akusamehe ndo uendelee na kazi. Anaweza akajibu vizuri, anaweza asijibu kabisa, vyote sawa, wewe utakuwa umeshalipa deni lako na kesho yake utaposti mkoba wako mwingine.

Sasa kuna kitu nataka ukielewe hapa. Mkoba wa chini duara hauna mwenyewe. Kukata duara, kugawa mzunguko ili kitambaa kikae bila kukunjamana, kuweka stifu ya kukaza na bitana ya ndani, huo ni ufundi, na ufundi ni wa wote kama kusukuma chapati. Aliyekuwa nacho yule dada ni ule mchanganyiko wake: duara lile kwa kimo kile, mikono ya ukili, rangi alizochagua, namna anavyopiga picha. Wewe ulichukua mchanganyiko mzima ukauhamisha ulivyo, ndo mana mtu aliuona tu akamtaja mwenyewe. Ungechukua duara peke yake ukaliweka kwenye wazo lako hakuna ambaye angesema kitu.

Na kuigana kwenye kazi za wanawake hakujaanza na simu. Angalia kanga uliyojifunga hapo nyumbani. Mwisho wa miaka ya 1800 wanawake wa pwani, Mombasa na Unguja huko, walikuwa wananunua leso, vile vitambaa vya mkononi vilivyokuja na wafanyabiashara, havijakatwa bado viko kwenye jora, wanakata vipande vya vitatu vitatu na kuvishona juu na chini vinakuwa sita, ndo vazi lenyewe, kila mtu na mpangilio wake. Wenye maduka wakaona, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima kabisa tayari ina pindo na mji, yaani ile sehemu ya katikati. Ndo ilivyozaliwa kanga. Kaderdina Hajee Essak alianza duka lake Mombasa mwaka 1887, watu wakamwita Abdulla, na mpaka leo ukisoma pindoni unakuta imeandikwa Mali ya Abdulla. Duka lile limefanya kazi kubwa ya kuheshimika na mimi kanga zake nazivaa. Ila kila nikisoma yale maandishi nawawaza wale wanawake waliokaa barazani na sindano wakashona leso sita, mana wazo lilikuwa lao na jina lililobaki pindoni ni la mwenye duka. Kwahiyo ninaposema tuwaenzi wanawake wabunifu naanzia hapo, kwenye kulitaja jina la mwenye wazo na kumlipa.

Haya, hamasa. Wewe unaangalia mkoba. Mkoba ni mwisho wa safari, umeshashonwa, umeshapigwa pasi, umewekwa kwenye mwanga wa saa kumi jioni, na ukiangalia mwisho wa safari ya mwenzio kila siku lazima ujione hujatoka nyumbani. Mimi nataka uangalie alivyofika hapo. Alikuwa na nini, alikosa nini, alikataa nini, alihesabu vipi. Hivyo vitu huwezi kuviiba hata ukitaka, mana ukivichukua lazima uvifanyie kazi kwako na vitatoka tofauti.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote, kinamama wa mwani wa Zanzibar, mwani ni yale majani ya baharini. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza kushika kule mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989 hivi, mbegu zilitoka Ufilipino, aina mbili, kottonii na spinosamu. Kazi yenyewe ni ya mgongo: unapigilia vigingi mchangani, unafunga kamba, unaning'iniza vipande vya mwani kimoja kimoja kwa vijikamba, unasubiri kama wiki sita, unavuna, unaanika, unauza kwa kilo. Unaenda na bamvua, maji yakitoka sana ndo muda wako, iwe asubuhi iwe jua la utosi, bahari haikusubiri. Wanaume waliingia mwanzoni, bei walipoiona ilivyo ndogo wengi wakatoka wakarudi kuvua na kwenye utalii, kinamama wakabaki. Na kwa hizo hela ndogo wamejenga, wamenunua vitanda na makabati, wamelipa yunifomu, wengine ilikuwa mara ya kwanza kushika hela ambayo hawakuiomba kwa mtu.

Halafu bahari ikabadilika. Maji ya ufukweni yalipozidi kupata joto kottonii, ambayo ndo ilikuwa na bei nzuri, ikaanza kuoza na kukatika, sehemu nyingi ikafa kabisa ikabaki spinosamu ya bei ya chini. Hapo ndo pa kuangalia mdogo wangu. Kottonii inataka maji ya kina kirefu yenye ubaridi, na kinamama wengi wa kule hawajui kuogelea, wamekua pembeni ya bahari lakini kuogelea ilikuwa mambo ya wanaume. Mtafiti wa Kitanzania, Dk. Flower Msuya, ambaye amefanya kazi na wakulima hawa kwa miaka mingi, aliwaletea njia ya kupanda kwenye nyavu za umbo la bomba, mwani unatiwa ndani, kule kwenye kina, na kina maana yake kuogelea na boti, kwahiyo wapo kinamama wamejifunza kuogelea ukubwani ili waifuate kazi yao. Mama mwenye wajukuu anajifunza kuelea kwenye maji ambayo ameyafanyia kazi miaka yote yakimfika magotini! Mimi nikikwama huwa nawawaza hao.

Na wengine wakauliza swali jingine: kwani lazima tuuze kwa kilo? Kuanzia 2006 kukawa na mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wanunuzi wafundishane kuongeza thamani, na kijiji cha Kidoti kule kaskazini kuna kikundi kinaitwa Tusife Moyo, wanasaga mwani mkavu unakuwa unga wanautia kwenye sabuni ya mafuta ya nazi, yenye karafuu, mchaichai, mdalasini. Paje nako kuna kiwanda kidogo cha Mwani Zanzibar, kinamama wanatengeneza sabuni na mafuta ya ngozi na wageni wanakwenda kuangalia kazi inavyofanyika na kununua hapohapo. Mwani uleule. Kilo moja mkavu wa spinosamu mkulima amekuwa akiuza kwa bei ambayo haifiki hata kipande kimoja cha sabuni, na kilo hiyo ikisagwa inaingia kwenye vipande vingi sana. Ubunifu ninaouheshimu mimi ni huo. Hawakuwa na malighafi mpya wala hawakupata hamasa kwenye picha, walikaa na kilekile kilichowashinda bei wakakiuliza unaweza kuwa nini kingine.

Sasa ukisoma habari yao usije ukaanza kutengeneza sabuni ya mwani Tanga. Chukua lile swali. Vipande vya kitenge unavyobakiza chini ya cherehani kila ukikata vinaenda wapi? Najua wengi wanatupa au wanajazia mito. Hiyo ndo spinosamu yako.

Mwingine ninayependa kumtaja ni Siti binti Saad. Watu wanamjua kwa taarabu, kwamba mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi na sahani zake za santuri zikauzwa pwani nzima, ila mimi namtaja kwa biashara ya mwanzo. Kazaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 hivi, familia ya wakulima na wafinyanzi, na kabla hajahamia mjini mwaka 1911 alikuwa anapita mitaani anauza vyungu, ananadi kwa sauti. Ile sauti iliyokuja kuujaza ukumbi ilianza kufanya kazi kwenye vyungu vya udongo, watu wanajua anakuja kabla hawajamuona. Tunaambiwaga kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na mimi hiyo methali kwenye biashara siikubali kabisa, imewafunga kinamama wengi midomo. Wanakaa na kazi nzuri ndani wanaona aibu kuitangaza wataonekana wanajipendekeza au bidhaa ni mbovu. Kizuri nacho kinatembezwa. Wewe umeacha kuposti tangu mwezi uliopita kwa ajili ya komenti moja, na mkoba usioonekana haununuliwi na mtu.

Ila wa kwanza kabisa kunipa hamasa hayuko kwenye historia yoyote. Ni mama mmoja wa Mwananyamala aliyenifundisha batiki, nilikuwa na umri kama wako. Nilimfuata kwa sababu ya maua yake, alikuwa anakata mihuri ya sponji anachovya kwenye nta ya moto anagonga kitambaani, maua yanatoka kama yanapumua. Nikataka anifundishe maua. Wiki mbili nzima hakunigusisha sponji, alinipa daftari. Kila asubuhi naandika: mita za kitambaa, gramu za rangi, vijiko vya kostiki na haidro, zile dawa za kufanya rangi ishike, nta iliyotumika, nta iliyorudi baada ya kuchemsha kitambaa, mkaa, maji ndoo ngapi. Nilikasirika kweli. Mpaka siku aliyonionyesha kwamba nta tunayoikusanya juu ya maji ikishapoa na kuganda tukiitumia tena ndo faida yake ya kitambaa cha nne, yaani bila kuikusanya ile nta angekuwa anafanya kazi mwezi mzima anagawa bure kitambaa kimoja kwenye kila vinne. Aliniambia mali bila daftari hupotea bila habari, maneno ya kwenye kanga hayo nilikuwa nayasoma tangu mtoto, siku ile ndo niliyasikia. Maua nilikuja kukata ya kwangu na hayafanani na yake hata kidogo. Daftari langu lakini ni lake kabisa, mpaka mistari.

Na hapa ndo naingia kwenye 15,000 yako, mana mimi naona hilo ni kubwa kuliko la kuiga. Fanya hesabu na mimi, bei ubadilishe kulingana na za Tanga. Pisi ya kitenge yadi sita tuseme 18,000 inakutolea mikoba minne, kila mkoba 4,500. Bitana 1,500, stifu 1,500, zipu na uzi 1,000, mikono 1,500. Hapo ni 10,000 kabla hujakaa kwenye cherehani. Umeme na mfuko wa kufungia tuseme 1,000. Mzigo unaupeleka "bure", boda 2,000 hiyo, anayelipa ni wewe. Kwenye 15,000 umebakiwa na 2,000, na kama mkoba unakuchukua masaa manne kukata mpaka kumaliza basi saa yako moja umeiuza shilingi 500. Bando hatujaweka. Sindano iliyokatika hatujaweka. Cherehani ikiharibika fundi utamlipa na nini?

Yule dada wa 45,000 sijui hesabu zake, ila anayeuza hivyo na oda zikamzidi nina hakika saa yake ameihesabu. Sasa badala ya kujiuliza mkoba wake ameushonaje jiulize hiyo bei ameijengaje. Angalia anavyoandika: anataja nani amesuka ukili? Anataja siku ngapi za kusubiri? Anachukua malipo ya nusu kabla ya kuanza? Anasema usafiri ni juu ya mteja? Hayo yote ni ya kujifunza bure na hakuna atakayekuita mwizi. Mimi nakushauri mikoba yako upandishe, anza na 22,000 au 25,000, usafiri wa mteja, halafu uone. Utapoteza wateja wawili watatu, hao walikuwa wananunua masaa yako. Watakaobaki wanapenda mkoba.

Umeuliza pia kama uache kuwaangalia. Usiache, ila usiangalie ukiwa umelala usiku umechoka, hapo kila kitu cha mwenzio kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo. Angalia mchana ukiwa na daftari, watu watatu tu kwa wiki, na kila mmoja andika alichofanya ambacho wewe hujawahi kujaribu, kwa maneno, bila kuchora. Ukiandika "ameweka mfuko wa ndani wa simu kwa sababu wateja wake wanapanda daladala" umejifunza kufikiria mteja. Ukichora mfuko wenyewe umeiga mfuko.

Na usiwatafute kwenye simu peke yake, wengi wenye akili kubwa za kazi hawana hata akaunti. Iringa kinamama wanasuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya sehemu za maji, vikapu ambavyo sasa vinauzwa mpaka Ulaya, na waliovianza walikuwa wanabebea nafaka tu. Nairobi pale Karen kuna Kazuri, wanatengeneza shanga za udongo, ilianzishwa na Lady Susan Wood mwaka 1975 na wanawake wawili tu waliokuwa wanalea watoto peke yao, na jina lenyewe ndo hilohilo, kadogo na kazuri. Mtaani kwako hapo yuko mama anayesuka mikeka ya ukindu anajua kupanga rangi kuliko sisi wote tuliosomea. Nenda ukakae naye. Usiende mikono mitupu, nunua mkeka, na usimpunguzie bei.

Hapo kwenye bei nisemee kidogo mana inaniuma. Tunapenda sana kuwasifia wanawake, siku ya Machi 8 kila mtu anaposti hongera mwanamke mpambanaji, halafu tarehe 9 anamwandikia huyohuyo mpambanaji "dada nifanyie ya undugu". Kuna duka moja la wageni niliwahi kuwapelekea sampo za vitambaa, wakanisifia wee, wakabaki nazo, baada ya miezi nikakuta maua yangu yamechapwa kiwandani yananing'inia mlangoni kwao. Wale walinisifia kuliko mteja yeyote niliyewahi kuwa naye. Tangu hapo kumsifia mwanamke kwa mdomo sihesabu sana. Mnunulie kwa bei aliyoitaja, ukivaa kitu chake mtaje, oda ikikuzidi mpe mwenzio badala ya kumfukuza mteja, na ukitaka akufundishe mlipe ada, usimwambie "nielekeze tu kidogo". Wewe na yule dada wa Dar mnaweza mkafika huko, sio ndoto. Oda zinamzidi umesema. Ukishamwomba samahani na ukawa na kazi yako inayojitambulisha, miezi sita mbele anaweza akawa anatafuta mtu wa kumshonea sehemu ya mzigo, na atamkumbuka aliyekuwa mkweli.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Jina la biashara sajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ukifika mahali una nembo yako watu wanaijua isajili hapohapo kama alama ya biashara. Michoro yako ya sanaa unaweza kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nenda tu hata kama huna cha kuomba, wapo tangu miaka ya 70 na wana ofisi mikoani, wana mafunzo na ndo wanakuunganisha na maonyesho kama Sabasaba. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimama 2023 ikarudi 2024, inatolewa kwa vikundi. Nakuomba usiikimbilie kabla daftari lako halijafikisha miezi mitatu. Mkopo ukiingia kwenye biashara inayouza saa moja kwa 500 unaongeza tu idadi ya masaa unayogawa.

Sasa mwisho nikuambie kitu nilichokiona tangu niliposoma umeandika Tanga. Ulichokiiga kwa yule dada ni mikono ya ukili, na wewe umekaa juu ya katani, nyuzi za mkonge! Mkonge uliletwa hapo kwenu mwaka 1893 na Mjerumani anaitwa Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, na mashamba yote unayopita ukienda Korogwe na Muheza yametokana na hiyo. Watu wa Tanga wameizoea mpaka hawaioni tena, wanajua ni kamba na magunia. Wakamba kule Machakos na Kitui wanawake wanasokota katani kwenye paja wanasuka viondo ambavyo watu wananing'iniza mabegani Ulaya na Marekani. Hebu fikiria mkoba wa kitenge wenye mikono ya katani ya Tanga, iliyosokotwa na mama wa Tanga, umemtaja jina lake kwenye lebo kwa ruhusa yake na umemlipa kwa kila jozi. Mkoba huo ukiposti hakuna atakayesema ni wa fulani.

Anza na jozi tano tu. Tafuta katani ndefu iliyopigwa brashi, ile nyeupe, usichukue mabaki ya kamba yana vumbi na yanamwagika. Ukitaka kuitia rangi ioshe kwanza kwa sabuni mana ina utomvu unaozuia rangi kushika. Wakati wa kusokota ilowanishe kidogo kwa maji, ikiwa kavu inakata vidole na msokoto unaachia, halafu iache ikauke kabisa kivulini siku mbili kabla hujaishona kwenye kitenge, la sivyo itaacha doa la manjano kwenye bitana na hilo halitoki. Pale inaposhika na mkoba weka kipande cha kitenge mara mbili ndani na upige mshono wa msalaba, mana uzito wote unakaa hapo. Jozi ya kwanza ikishashonwa, tia sukari kilo tano kwenye mkoba uuning'inize msumarini usiku mzima, asubuhi uangalie mshono.